Gamba Si Ubao

Waliokuja kunitafuta asubuhi ile hawakufuata elimu yangu, maana sikuwa nayo, walifuata gundi. Ilikuwa Februari ya 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza kuchoka, barabara ya Malindi ingali na mashimo ya kumeza gari dogo, nami nimekaa juu ya gogo la mvule pale Watamu, mikono mitupu, nikitazama boti saba za kuvulia za mahoteli zilizopandishwa pwani na kufunikwa turubali kama maiti. Wewe hukuwapo, mjukuu wangu, wala mama yako hakuwa ameolewa, kwa hiyo yafaa nikueleze hali ilivyokuwa. Agosti ya mwaka uliotangulia kulikuwa na machafuko ya Likoni, watu wakauawa na nyumba zikachomwa, na habari zikafika Ulaya kabla moshi haujatulia. Wageni wakafuta safari. Kisha ikaja mvua, kisha ukaja uchaguzi wa Desemba ambao Mzee Moi alishinda tena, na kila jambo lilipokuja hoteli nyingine ilifunga milango. Mimi nilikuwa fundi wa mashua, mwana wa fundi wa mashua. Kutia kalafati nilijifunza kwa baba, pamba na mafuta ya sifa, ile harufu ya ini la papa ambayo ikikuingia kwenye nguo haitoki hata kwa majivu. Lakini mkate wa nyumbani uliletwa na faiba, kwa sababu boti za mahoteli ni za faiba, na pale kijijini hapakuwa na aliyeijua kunishinda. Msimu mzuri nilipata shilingi 400 kwa siku. Februari ile nilikuwa nadaiwa dukani shilingi 1,260, na nyanya yako alikuwa akinunua mafuta ya kupima kikombe kwa kikombe ili akaange mahamri, akiyauza mawili kwa shilingi 5 kwa watu ambao nao walikopa.

Kijana aliyekuja alikuwa wa kundi lililoanza 1997, likijiita Watamu Turtle Watch, watu wachache waliozunguka ufuoni alfajiri kutafuta viota vya kasa ili wavilinde. Sisi mafundi tuliwaona kama watu waliokosa la kufanya. Akanisalimu kwa adabu, shikamoo yake ikanyooka, kisha akasema, "Baba, tumesikia una gundi ya kuzibia boti. Tuna kasa amepasuka." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwuliza ni nani atakayelipa, akasema watachanga. Basi nikachukua kopo la gundi lililobaki, kitambaa cha faiba, msasa na kichupa cha dawa ya kugandishia, nikamfuata nyuma nikiwa bado nacheka.

Kasa mwenyewe alikuwa amelazwa chini ya mkungu, juu ya mpira wa ndani wa gurudumu la lori, taulo iliyolowa imefunikwa mgongoni. Walipoiondoa, kicheko kikanikatika. Pangaboi la boti lilikuwa limempitia mara tatu, mistari mitatu iliyolingana kama chale, na mstari wa kati ulikuwa umezama mpaka unaona wekundu ndani ukipanda na kushuka. Macho yalikuwa yakimtoka machozi mazito ya kamasi. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa amepiga magoti pembeni alinitazama kana kwamba anataka nimwambie maneno ya faraja. Sikuwa nayo. Kasa akiwa nchi kavu hutoa machozi, awe mzima au mgonjwa, ndiyo njia yake ya kutoa chumvi mwilini. Nilijua hayo tangu utotoni kwa sababu katika ukoo wetu kasa tuliwajua vizuri sana. Nimesema tuliwajua. Sikusema tuliwapenda.

Sisi, kama unavyojua, ni Wabajuni, wazee wetu walishuka kutoka visiwa vya kaskazini ya Lamu wakifuata samaki. Babu yangu alivua kasa kwa chazo, yule samaki mwenye kibandiko kichwani anayejishikiza kwa papa na kwa kasa. Ulimfunga chazo kamba mkiani, ukamweka ndani ya mtumbwi kwenye maji, na ukimwona kasa anapumua juu ulimtupa. Akaenda akajibandika kwenye gamba, nawe ukavuta polepole. Ami yangu, mdogo wake baba, aliirithi kazi hiyo, na alipoacha chazo akatumia jarife. Yeye ndiye aliyekuwa mchinjaji. Nikiwa na miaka kumi nilimshikia taa ya chemli nyuma ya nyumba huku akimfungua kasa kwa kisu kifupi, akianzia pale gamba la tumboni linapoungana na la mgongoni, akizungusha kama mtu anayefungua mkebe. Mafuta yalikuwa ya kijani, harufu yake kama mwani uliopigwa jua. Mafuta hayo yaliuzwa kwenye chupa za soda kwa wenye pumu. Nyama ililiwa, ya ng'amba hatukuigusa, kwa sababu yaweza kumuua mtu, na wapo waliokufa. Ng'amba alitafutwa kwa yale mabamba yake 13 ya mgongoni, yanayopandiana kama vigae, ambayo wenye maduka Malindi na Mombasa waliyanunua kwa uzani ili wachonge vitana na bangili. Ile ni biashara kongwe kuliko msikiti wowote uliosimama pwani hii. Wagiriki waliandika habari zake karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka wa 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji, mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara, mwaka ule ule ambao Mzee Kenyatta alifariki Mombasa, na ami akawa mhalifu bila kuhama nyumba wala kubadilisha kazi. Hakuacha. Alichofanya ni kuizima taa ya chemli na kujifunza kuchinja kwa mbalamwezi.

Turudi chini ya mkungu. Niliutazama ule mpasuko kwa jicho la fundi, na jicho la fundi liliona kazi rahisi. Nikasugua kingo kwa msasa, nikafuta kwa dawa nyekundu waliyonipa, nikakata kitambaa cha faiba vipande vitatu, nikachanganya gundi. Unaijua ile harufu, tamu na kali, inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Kasa alipumua mara moja, kwa kishindo, kama mtu anayeinuka kutoka usingizini, nami nikajua na yeye ameisikia. Nilipaka tabaka ya kwanza, ya pili, ya tatu, nene, za kutosha kubeba mawimbi. Gundi ile ikiganda hutoa joto, na mkono wangu ulilisikia, lakini sikulifikiria. Jioni mgongo ulikuwa laini kama tumbo la boti mpya, hapaingii tone la maji. Watu wakapiga makofi. Nikalipwa shilingi 500, noti tano za Moi, nikapita dukani nikapunguza deni na kununua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe. Usiku ule tulikula vizuri, na nyanya yako akataka kujua kama wapo kasa wengine waliopasuka.

Siku ya sita kijana akarudi. Kasa hali. Siku ya tisa nikaenda mwenyewe, na kabla sijafika kwenye mkungu nilisikia harufu. Haikuwa ya gundi tena. Nilikuwa nimefunga mlango na mwizi yumo ndani: uchafu wote ulioletwa na lile pangaboi, mchanga na mwani na maji ya bahari, niliuzibia ndani vizuri, kwa ufundi wote niliofundishwa. Alfajiri ya siku ya kumi alikufa. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonikera. Wangenitukana ningerudi kwenye gogo langu nikasahau. Wao walikuwa wamesimama tu kimya, yule bibi akasema wanataka kujua amekufa kwa nini, lakini daktari wa mifugo waliyezoea kumwita yuko safarini na hajawahi kumfungua kasa. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mimi namjua mtu."

Ami alikuwa na miaka sitini na kitu wakati ule, mwembamba, ndevu nyeupe, meno mekundu kwa tambuu. Nilipomwambia nataka aje amchinje kasa mbele ya afisa wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, alidhani nimetumwa nimtege. Ilinichukua birika zima la kahawa kumshawishi. Shirika lenyewe mwaka ule lilikuwa halijui nani mkubwa wake, Western akitolewa na Leakey akirudishwa kutoka huko juu Nairobi, lakini huku chini afisa wetu alikuwa kijana wa bara, mwenye sare iliyopigwa pasi, aliyekuja na daftari na kitambaa cha pua. Ami akavua kanzu, akabaki na kikoi. Akatoa kile kisu kifupi. Nilikifahamu kwa kipini chake, na mgongo ukanisisimka, maana nilikuwa sijakiona kwa miaka zaidi ya ishirini. Akaanzia pale pale, gamba la tumboni lilipoungana na la mgongoni, akazungusha. Afisa akaandika. Kisha ami akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaanza kueleza. Mtu ambaye maisha yake yote alichinja kimya, tena gizani, siku ile alipewa mchana na wasikilizaji. "Hili ini, tazameni, lingekuwa zima lingekuwa la rangi ya kahawa. Huu utumbo, hauna kitu, hajala siku nyingi. Hapa pana mfuko wa plastiki, huu aliumeza akidhani ni kiwavi cha bahari." Alipomaliza viungo vya chini akavitoa vyote, akaniita. "Njoo wewe, fundi. Tia mkono. Mapafu yako wapi?"

Nilitafuta kifuani, kama ya mbuzi. Hayakuwapo. Akanishika kifundo cha mkono akauelekeza juu, chini ya paa la gamba, nikayasikia yamebandikwa pale, marefu, laini, upande huu na upande huu wa uti wa mgongo, yakienda karibu mpaka nyuma. Na katikati, pale nilipopaka tabaka zangu tatu, palikuwa na mfuko wa usaha mgumu kama jibini. Kumbe lile jeraha nililoliona likipanda na kushuka lilikuwa ni pafu lenyewe. "Sasa hizi ni mbavu," akasema ami, akipitisha ncha ya kisu kwenye mifupa ya ndani, "zimekua zikaungana na gamba. Ukigusa gamba umemgusa mfupa. Anasikia. Hili si ubao, mwanangu. Mashua ukiziba imepona. Huyu ukiziba umemzika." Alisema hayo bila ukali wowote, kama mtu anayekuonyesha mlango ulipo. Afisa akafunga daftari, akaenda nyuma ya mkungu akatapika.

Ningependa kukuambia kwamba siku ile moyo wangu uligeuka nikaamua kuwaponya kasa. Haikuwa hivyo. Nilirudi kwa sababu mbili: boti zilikuwa bado chini ya turubali, na sikuweza kulala. Fundi akiharibu kazi huirudia. Nikawaambia nipeni kasa mwingine, bila malipo, na msiniruhusu kumgusa kabla ami hajaja. Malipo yalikuja baadaye, madogo, tena kwa kuchelewa, na pale kijijini nikapewa jina la Daktari wa Kasa, jina ambalo watu walilitamka kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi. Watu hawakuelewa, na siwalaumu. Ng'ombe hutibiwa kwa sababu atakamuliwa, punda kwa sababu atabeba. Kumlisha mnyama wa baharini miezi sita, kumnunulia ngisi wakati watoto wako wanakula sima na mchicha, halafu umrudishe kwa Mungu aliyemleta, hilo lilikuwa jambo la kuulizwa kama una akili timamu. Yule bibi alituhadithia kwamba kule Nairobi kuna mwenzake, mama Sheldrick, anayelea watoto wa tembo walioachwa yatima na majangili, na kwamba alihangaika miaka mingi, watoto wakimfia mikononi, mpaka alipogundua kuwa maziwa ya kopo yanamkubali mtoto wa tembo yakitiwa mafuta ya nazi. Habari hiyo ilizunguka barazani wiki nzima. Wazee walifurahi kupita kiasi. Miaka yote wataalamu wa bara wakija kutufundisha, kumbe na tembo naye hawezi kuishi bila nazi.

Hapakuwa na chuo cha kazi ile pale kwetu, wala kitabu isipokuwa kurasa za kunakiliwa zilizokuja kwa posta, ambazo kijana alizisoma kwa sauti na kutafsiri, na ami akakubali au akatikisa kichwa. Tulimpima kasa kwa mizani ya makaa tuliyoining'iniza kwenye tawi la mvinje, tukimfunga kwa wavu wa jarife, wavu ule ule uliokuwa ukimvua. Daktari wa mifugo akapata maarifa mapya uzeeni: dawa ambayo ng'ombe hupigwa mara mbili kwa siku, kasa hupigwa kila siku ya tatu, kwa sababu damu yake ni baridi na mwili wake hauna haraka, na sindano hupigwa upande wa mbele, begani, kwa sababu damu ya upande wa nyuma huenda kuchujwa kwenye figo kwanza. Kasa aliyenyauka, aliyejaa ruba na vile vijumba vya chokaa vinavyoshika chini ya mashua, tulimweka usiku mmoja kwenye maji baridi ya kisima. Asubuhi ruba wameelea wamekufa, vijumba vinabanduka kwa ukucha, naye mwenyewe amekunywa akapata nguvu. Kasa aliyeletwa kutoka kwenye wavu, macho yamefumba, shingo imelegea, mvuvi akiapa kwamba amekufa, tulimlaza tumbo chini na kumwinua nyuma kwa kipande cha gogo ili maji yatoke mapafuni, tukamfunika taulo yenye maji, tukaenda kuswali. Baadhi yao tuliporudi walikuwa wamefumbua macho. Wengine saa ishirini baadaye. Ami aliyajua haya siku zote. Alisema kasa wa kuzama ukimwacha usiku nyuma ya nyumba waweza kuamka asubuhi ukakuta ameondoka, na hasara ni yako.

Kasa wa pili mwenye mpasuko aliletwa Aprili, mwezi ambao matumbawe ya hifadhini yaligeuka meupe kwa joto la maji, na wavuvi waliopiga mbizi wakarudi wakisema chini kumevishwa sanda. Kilo 52. Pangaboi lilimpiga mara moja tu, lakini vibaya. Sikutoa gundi. Tulimwosha jeraha kila asubuhi na kulijaza asali, asali ya wafugaji nyuki wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nyeusi, yenye harufu ya moshi na maua ya mwitu, iliyouzwa kwenye chupa ya bia kwa shilingi 120. Juu ya asali tuliweka kitambaa, juu ya kitambaa mafuta mazito ya kuzuia maji, kisha ndipo tukamruhusu aingie kwenye birika kwa saa chache, kina cha maji kisizidi kumfunika mgongo, maana kasa dhaifu huzama kama wewe na mimi. Nzi walinipenda mwaka ule kuliko binadamu yeyote. Nyanya yako alisema nanuka kama harusi na matanga pamoja. Ngisi wa kumlisha tulinunua kwa wavuvi alfajiri, tukimfungua mdomo kwa mpini wa jembe uliozungushiwa kitambaa mpaka siku alipoona haya ya kulishwa, akaninyakua kidole. Hiki hapa, kilichopinda. Nilipiga kelele za furaha na maumivu kwa pamoja, ami akacheka mpaka tambuu ikamwingia puani.

Kazi kubwa haikuwa birikani, ilikuwa ufuoni. Kasa hakuja mwenyewe kwetu. Aliletwa na mvuvi, na mvuvi alikuwa amepasuliwa wavu wa maelfu ya shilingi na mnyama yule yule unayemwomba akuletee. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Mtoto alitumwa kwa baiskeli kutoka Mida, akihema, nasi tukaenda na mkokoteni. Mvuvi alipewa kitu kidogo cha kufidia muda na usumbufu wake, na kiwango hicho kilizua maneno, kwa sababu hakikukaribia pesa ambazo kasa angetoa akichinjwa kwa siri. Kijana alitaka kuwaeleza habari za mazingira. Ami alimkanya. Yeye alikaa nao chini, akaanza na habari za upepo, ukali wa kusi, bei ya nyuzi, akatoa tambuu, na baada ya saa nzima akasema, "Huyu kasa unayemwona hivi ana miaka kama ya mkeo. Mpaka azae ni miaka ishirini, thelathini, wengine zaidi. Mimi nimechinja waliokuwa wakubwa kunipita. Nilipoanza walikuwa wengi, sasa nahesabu kwa vidole." Hakusema wasichinje. Mara nyingine alimpata kasa, mara nyingine alirudi na tambuu imekwisha. Hakuchukua mshahara hata siku moja, na mara zote alisisitiza kwamba yeye si mtu wa kasa, anamsaidia mtoto wa nduguye tu asije akaua tena.

Nakumbuka tarehe 7 Agosti nilikuwa nimemshika yule kasa kwa mikono miwili, daktari akimpiga sindano, redio ya duka ikiwa wazi, tukasikia Nairobi imelipuliwa, ubalozi wa Marekani, watu wamefukiwa kwenye kifusi. Daktari alisimama na sindano hewani. Alikuwa na binti anayefanya kazi mjini. Kisha akainama akaimalizia, kwa sababu dawa ilikwisha vutwa, akaenda kutafuta simu. Binti alikuwa salama. Tulirudi kwenye kuosha jeraha kesho yake, na wageni ambao walikuwa wameanza kurudi wakatoweka tena, na boti zangu zikabaki pale pale zilipokuwa.

Alipona taratibu, kwa mwendo wa kucha kuota. Nyama ikajaa kutoka ndani kwenda nje, juu yake ikafunga ngozi ngumu, halafu kitu kama mfupa. Januari 1999, kaskazi imetulia, tulimbeba watu wanne mpaka majini. Kilo 61. Pezini alikuwa na kibati chenye namba na anwani, tulichombana siku mbili kabla. Kulikuwa na watoto wa shule, na mtu wa gazeti ambaye hakuandika kitu. Nilitegemea angesita, angegeuka. Hakugeuka. Alipiga mapezi mara mbili na mahali alipokuwa pakawa maji matupu. Ami alibaki ukingoni amekunja kikoi, maji magotini, akitazama mahali ambapo kasa hayupo. Nilidhani atapata la kusema, mwishowe akaniomba kiberiti.

Hoteli zilifunguliwa tena, boti zikashushwa, na mimi nikawa nafanya faiba asubuhi na kasa jioni, kisha kasa asubuhi na jioni, na miaka ikapita hivyo. Jambo la mwisho ninalotaka kukuhadithia lilitokea 2003. Ami alikuwa ameanza kuingiwa na mtoto wa jicho, akikaa barazani kwangu siku nzima. Baada ya swala ya alasiri akaja mtu mgeni, Mbajuni mwenzetu kutoka upande wa Kiwayu, amekuja Watamu kwa harusi. Alikuwa ameuliza nyumba ya Daktari wa Kasa na watoto wakamleta. Alikaa, akanywa kahawa mbili, akaeleza habari za huko kwao na jamaa waliokufa, halafu akatia mkono mfukoni akaweka mkekani kibati kimoja kidogo, kimepinda, kimeoza rangi. Namba nilikuwa naijua kwa moyo. Hakusema amekipata wapi, nami sikumwuliza jina wala sikuandika popote. Nilikishika tu. Koo lilinikauka, nikahisi hasira ikinipanda, miezi tisa ya asali na ngisi, kidole changu, yote yaliyoingia ndani ya sufuria ya mtu. Mgeni alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Ami alinyoosha mkono, nikampa kile kibati. Akakipapasa kwa dole gumba kama kipofu anayesoma, akanyamaza kidogo, kisha akageuza uso wake upande ambao alidhani mgeni amekaa.

"Mgongoni alikuwa na kovu?"

"Alikuwa nalo. La zamani."

"Mapafu uliyaona? Masafi?"

"Masafi."

"Na mafuta? Alikuwa na mafuta?"

Yule mtu akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akawa na uso wa mtu anayezungumza na mwenzake. "Mno, mzee. Kijani kibichi. Tulijaza chupa nne."

Ami akatikisa kichwa polepole, akanirudishia kibati mkononi. "Basi alipona," akasema, akaomba kahawa nyingine.